Jiwe Lisilotangazwa

Rehani alikuwa fundi wa visima tangu kabla binti yake Mwaija hajazaliwa, na kwa miaka yote hiyo kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mtu huyo aliitwa Mdoe. Rehani akiwa chini anachimba, Mdoe alikuwa juu anavuta, na baina yao palikuwa na kamba ya katani na ndoo ya tope iliyopanda na kushuka kutwa nzima juu ya utosi wa Rehani. Kisimani hakuna pa kukwepea. Shimo lenyewe ni upana wa mtu aliyechuchumaa na sururu yake fupi, basi. Ndoo ikiponyoka, jina la Mungu utalianza tu, hutalimaliza.

Ndiyo maana wale wawili walikuwa na taratibu zao, na Rehani alizishika kwa ukali ambao mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akitamani angeuonyesha kwenye mambo mengine ya nyumbani. Mvutaji alikuwa mmoja tu, kwa sababu wawili wakivuta, kila mmoja humwachia mwenzake uzito bila kujua. Kamba ililala kwa mvutaji, si kwa fundi. Kila asubuhi Rehani alivuka njia ya kijiji chao, Kwamsisi, mpaka mlangoni kwa Mdoe, akakohoa kidogo, akasema, “Hodi. Nimefuata kamba.” Na Mdoe, kwa sauti nzito ya mtu aliyetoka usingizini, alijibu kutoka ndani, “Kamba ipo, na mwenyewe yupo.” Hapo ndipo siku ya kazi ilipoanza. Mwaija alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake mara nyingi mpaka akayajua majibizano hayo kama anavyoyajua maamkizi.

Na kulikuwa na habari ya jiwe. Tope hupanda kimya, lakini fundi akikuta jiwe hulituma peke yake, na kabla ya kulituma hupaza sauti: “Jiwe!” Aliye juu husikia, akajipanga miguu, akakaza mikono, ndipo akavuta. Jiwe kufichwa ndani ya tope ni jambo ambalo halikuwahi kufikiriwa na yeyote, kwani ni mtu gani mwenye akili zake atakayejitegea mtego juu ya kichwa chake mwenyewe?

Basi mwaka jana vidole vya Mdoe viligoma. Havikugoma kufunga, viligoma kufunguka. Miaka yote ile ya kukaba kamba ilivikunja kuelekea kiganjani, ikaviacha hapo. Akimpa mtu mkono anampa ngumi, na kikombe cha chai anakining'iniza kwenye vidole vilivyopinda. Alileta kamba mwenyewe nyumbani kwa Rehani, ameivaa shingoni, akaiinamisha shingo ili avuliwe.  Rehani aliitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, akasema itakaa pale mpaka apatikane mwanaume wa kuichukua.

Wanaume walijaribiwa. Mmoja alikuwa akivuta kwa mkono mmoja huku wa pili unajibu simu, na huyo Rehani alipanda juu kumfukuza kabla ya adhuhuri. Mwingine alikuwa na kifua cha kutisha, shati halifungi, lakini jioni viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu na kesho yake aliaga kwa kumtuma mtu. Kifua hakivuti ndoo. Rehani alianza kukataa kazi, akawa anashinda nyumbani anagombana na kuku.

Wakati huo ndipo Mwaija aliporudi kutoka Korogwe. Alikuwa akiishi Masuguru kwa mama yake mdogo, anakanda unga wa maandazi, na jirani yao alikuwa Ernesti, Msambaa mmoja mpana aliyekuwa na jimu ya uani: makopo ya rangi yaliyojazwa zege, ekseli ya gari bovu, na vijana waliotaka kutuna kwa ajili ya picha. Ernesti alikuwa na kilio kimoja maishani, kwamba kila anayeingia uani kwake anataka kifua na mabega, na hakuna anayetaka vidole. Siku alipomwona Mwaija akikanda unga wa beseni zima bila kupumzika, alimwita mama mdogo wake kwa heshima zote, akaomba ruhusa ya kumfundisha yule binti. Mwaija alikubali kwa sababu habari za vidole vya Mdoe zilikuwa zimeshamfikia, na tayari alikuwa na lake moyoni.

Alirudi Kwamsisi na mzigo wa ajabu: fimbo nene iliyofungwa kamba, tofali mwisho wa kamba, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kila alfajiri, baada ya swala, alisimama uani ameinyosha mikono mbele, fimbo ameishika kwa viganja viwili, akawa anaizungusha kwa vifundo vya mikono tu, tofali likipanda taratibu mpaka likagusa fimbo. Kisha akalishusha, taratibu zaidi, maana kushusha ndiko kunakouma. Alitupia kanga iliyokunjwa juu ya boriti la banda la mbuzi, akaning'inia kwa kuishika kanga yenyewe. Alichomeka mikono kwenye debe la mahindi, akawa anafumba na kufumbua viganja humo ndani kama anayetafuta pete iliyopotea. Mwisho alijivisha mpira wa baiskeli kwenye vidole na kuvisukuma nje, kuvitanua, kuvirudisha, kuvitanua tena.

Majirani walisema mjini kumemharibu. Rehani aliyavumilia mengine, lakini huo mpira ulimchekesha mpaka akakaa chini. Alimuuliza ni mvutaji gani wa kamba anayejifunza kuachia. Mwaija alimjibu kwa adabu kwamba Ernesti anasema mkono unaofunga tu bila kufungua huishia kama wa Mzee Mdoe, na kwamba nguvu za kufunga zenyewe hupungua zile za kufungua zikifa. Rehani hakulipenda jibu hilo, na hasa hakupenda kwamba Mdoe, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe chake, aliinamisha kichwa kukubali.

Ndipo Mwaija akaomba kamba. Baba yake alikataa. Aliomba tena, akakataliwa tena, na hivyo hivyo mpaka ilipokuja kazi ya Misima. Mama Dorkasi, mjane aliyehamia huko kutoka milimani na kupanda michungwa, alitaka kisima kabla kiangazi hakijammalizia miche, na kitongoji kizima kilikuwa kinakisubiri pamoja naye, kwa sababu wanawake wa pale walikuwa wakiamka gizani kufuata maji ya mbali, tena machafu. Kazi ile hata Rehani hakuweza kuikataa. Akamchukua Mwaija avute, kwa muda, alisisitiza, kwa muda tu, na Ukasha, mtoto wa dada yake, awe anapokea ndoo pale mdomoni mwa kisima na kuimwaga.

Lakini kamba haikulala kwa Mwaija. Kila jioni Rehani aliikunja mwenyewe, akaibeba mpaka Kwamsisi nyuma ya pikipiki, akaitundika kwenye msumari wake. Mwaija aliliona hilo.

Alivuta vizuri. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa Rehani hakulisema. Ndoo zilipanda bila kuyumba, zikashuka bila kugonga ukuta, na jioni viganja vya binti vilikuwa vyekundu lakini vizima. Fundi mwingine angeshukuru. Rehani kila siku alizidi kukosa raha, na sababu yake hakuweza kumwambia mtu. Hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa kwamba siku moja ndoo itamponyoka binti huyu, na yeye atakuwa amekwenda zake, lakini Mwaija atabaki duniani akiitwa yule aliyemuua baba yake. Watu hawasahau jambo la namna hiyo. Wangemwita hivyo mpaka kwenye harusi za wajukuu zake.

Siku moja, kisima kikiwa kimeshafika kina cha nyumba tatu zilizopandishwa moja juu ya nyingine, sururu iligonga jiwe. Rehani alilichimbua, jiwe jeusi, zito, la ukubwa wa kichwa cha ndama. Alivuta pumzi atangaze, kisha pumzi ile ikabaki kifuani, kwa sababu wazo lilikuwa limemjia. Akiliweka jiwe chini ya ndoo na kulifunika kwa tope, Mwaija atavuta na ndoo haitanyanyuka. Itabaki pale pale miguuni, haimdhuru mtu. Atavuta tena, atachoka, ataita kutoka juu kwamba hawezi. Basi, mambo yameisha bila ugomvi: ameshindwa mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, na atarudi kwenye maandazi yake akiwa hana damu ya mtu mikononi. Rehani aliliona ni wazo la mzazi mwenye huruma. Alilitumbukiza jiwe, akashindilia tope juu yake, akatikisa kamba.

Kamba ilikaza. Ikatulia kidogo, kama inayojiuliza. Kisha ndoo ikanyanyuka.

Ikapita magoti ya Rehani, ikapita kifua chake, ikapita uso wake. Alitaka kuita. Lakini aite nini? Akisema ishushwe ataulizwa kwa nini. Alifumba mdomo, akainua macho, na ndoo ikaendelea kupanda, mkono baada ya mkono, nzito na tulivu, mpaka ikafika katikati ya kisima.

Juu kule kamba ilipita kwenye gogo lililolazwa juu ya panda mbili za miti. Panda hizo zilichaguliwa kwa uzito wa tope. Moja ilipasuka.

Rehani alisikia mlio wa kuni inayopasuliwa, kisha udongo ukamwagika usoni mwake, na ndoo ikaanguka. Alijua inaanguka kwa sababu mwanga ulipungua ghafla. Aliinua mikono kichwani, akaanza jina la Mungu, akalimaliza. Akalirudia. Alipofumbua macho, ndoo ilikuwa imesimama hewani juu yake, mahali ambapo angeinua sururu angeigusa, inazunguka polepole.

Gogo halikuwepo tena. Kamba ilishuka moja kwa moja kutoka ukingoni, na kule juu, kwenye kile kiduara cha anga ambacho kisimani huonekana kidogo kama sahani, aliona vitu vitatu tu: uso wa binti yake, na mikono yake miwili. Alikuwa amevutwa mpaka akaanguka kifudifudi, mabega nje ya ukingo, na uzito wote ule, tope na jiwe na maji ya tope, ulikuwa umening'inia kwenye vidole vyake.

Ndoo ilikuwa imeinama kidogo. Tope lilianza kuchuruzika, likamdondokea Rehani kifuani, na penye tope lililochuruzika ncha nyeusi ya jiwe ikachomoza ikimwangalia.

Alimsikia Mwaija akizungumza na Ukasha, sauti imebanwa lakini haina haraka. Alimwambia asikaribie ukingo, utabomoka. Apite nyuma, amkalie miguu, amshike kiunoni, asiguse kamba. Ukasha alisema atasaidia kuvuta, Mwaija akamwambia kamba ina mwenyewe. Kisha aliita chini.

“Baba, usisogee. Naivuta.”

 Rehani angependa kumwambia aache, amwachie Mungu, lakini kuacha maana yake ilikuwa ile ndoo kumwangukia, na alijua vilevile kwamba asilani binti huyu hawezi kuivuta. Hakuna mtu anayeweza. Mdoe mwenyewe, katika ujana wake, angeshikilia tu na kupiga kelele mpaka watu waje, na watu wa karibu walikuwa mashambani. Ili kuivuta ndoo bila gogo mtu ni lazima afungue mkono mmoja aupeleke mbele, na wakati huo kila kitu kibaki kwenye mkono mmoja uliosalia. Na mkono ulioshika uzito namna ile kwa hofu namna ile haufunguki hata ukiuamuru. Huganda. Rehani aliwahi kuona mikono ya namna hiyo, ilibidi ifunguliwe kidole kimoja kimoja na watu wengine.

Akauona mkono wa kulia wa binti yake ukifunguka.

Ulifunguka wote. Vidole vitano vilitengana, vikatanuka dhidi ya anga, na kwa muda wa pumzi moja ndoo nzima, na maisha ya Rehani yote, vilining'inia kwenye kiganja cha kushoto. Halafu mkono wa kulia ukashuka ndani ya kisima, ukaikaba kamba chini zaidi, ukakunja kifundo, na ndoo ikapanda. Sasa ukafunguka wa kushoto. Rehani alisimama mdomo wazi, tope likimdondokea, naye halifuti. Mkono ulifunguka na kufunga, mwingine ukafunguka na kufunga, bila pupa, sawasawa kabisa na alivyomwona kwenye ule mpira wa baiskeli wakati yeye anacheka. Alikuwa ameitazama mikono hiyo tangu ikiwa midogo ya kushika kidole chake kimoja. Alidhani anaijua. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni, akahisi haya ya kuitazama, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu.

Alitambua pia, katikati ya mshangao wake, kwamba alikuwa ameacha kuogopa. Chini ya ndoo ile, na jiwe lile, hakuwa anaogopa kitu chochote.

Ndoo iliziba anga, giza likawa kamili, kisha mwanga ukamiminika kote. Alisikia kishindo cha tope likimwagwa, na nyuma yake kishindo kingine, kigumu. Ukasha akasema kwa sauti ya juu, “Dada, humu mna jiwe.” 

Alipanda kwa vishimo vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani. Alipokaribia mdomo wa kisima mkono wa binti yake uliteremka kumpokea. Aliushika, ukamvuta nje.

Mwaija alikaa chini. Mikono yake ya mbele ilikuwa imechunika mahali iliposuguana na ukingo, na jiwe lilikuwa mbele yake. Ukasha alijifanya ana kazi ya kutazama panda iliyopasuka.

“Baba, leo hukutangaza jiwe,” Mwaija alisema.

“Sikutangaza.”

“Ilipokaza tu nikajua ni jiwe.”

Rehani alimuuliza, ikiwa alijua, kwa nini alivuta. Mwaija alimtazama kama vile swali lenyewe halimwelei.

“Nilidhani umeshaniamini,” alisema. “Nikasema, leo Baba kaona hakuna haja ya kunitangazia.”

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa hana pa kuyaweka. Rehani alikaa chini pale pale kwenye tope, akamweleza ukweli wote, wazo lake la mzazi mwenye huruma na mengineyo, bila kujipunguzia. Alimweleza hata habari ya harusi za wajukuu. Mwaija alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hakumwambia si kitu. Machozi yalimtoka, akataka kuyafuta, na vidole havikumtii.

Mama Dorkasi alileta chai. Kikombe kilimshinda Mwaija, kikamwagika. Rehani alikichukua, akakijaza upya, akakipuliza, akamshikia mdomoni akanywa kidogo kidogo mpaka kikaisha. Hakuwa amemnywesha tangu alipokuwa na meno mawili.

Kazi ililala kwa siku kadhaa. Rehani na Ukasha walikata panda mpya, nene, za mti mgumu, wakazisimamisha upya. Mdoe alisimuliwa, akamfuata Mwaija nyumbani, akaomba kuona mikono. Aliigeuza juu na chini kwa vidole vyake vilivyopinda, muda mrefu. Alipoondoka aliomba kipande kimoja cha ule mpira wa baiskeli.

Na kamba? Jioni ile ya jiwe Rehani aliikunja kama kawaida, akaibeba mpaka Kwamsisi kama kawaida. Lakini alipofika aliupita mlango wake, akaenda mpaka kile chumba cha uani alicholala Mwaija, akaiweka kizingitini, akarudi.  Alfajiri kamba haikuwepo kizingitini. Wala haikuzungumzwa, siku hiyo wala zilizofuata, na Rehani akawa anajiuliza kama imechukuliwa au imetupwa.

Asubuhi ya kurudi Misima aliamka mapema kuliko jogoo wake mgomvi. Alivaa nguo za kazi, akanawa uso, akavuka ua wake mwenyewe. Kwenye ukuta wa banda la mbuzi ile fimbo ilikuwa imeegemezwa, na mwisho wa kamba yake, mahali pa tofali, lilikuwa limefungwa jiwe jeusi la ukubwa wa kichwa cha ndama. Alisimama akalitazama. Kisha akaenda mbele ya mlango wa binti yake, mlango alioutengeneza kwa mkono wake na ambao hakuwahi kuupigia hodi, akakohoa kidogo.

“Hodi,” alisema Rehani. “Nimefuata kamba.”

 Alisikia kitanda kikilia, akasikia miguu ikitafuta ndala. Alingoja kama alivyokuwa akingoja mlangoni kwa Mdoe, kofia mkononi, akiwa hana hakika.

“Kamba ipo,” sauti ya Mwaija ilijibu kutoka ndani, nzito ya usingizi, “na mwenyewe yupo.”